Mpishi wa Meli Jikoni kwa Mama Mkwe

Mukami alisimama mlangoni na birika mkononi, akaniangalia mara moja tu. Nimekaa baharini miaka mingi, nimeona jua likichomoza majini kama kiini cha yai, lakini sijaona kitu kizuri kama macho ya yule mwanamke akijikaza asicheke mbele ya kaka yake.

Kilichomchekesha ni viatu vyangu. Nilivipaka rangi asubuhi nyumbani Ruiri, kwetu Meru, vikang'aa, na sasa udongo mwekundu wa Runyenjes ulikuwa umevimeza mpaka kwenye kamba.

"Karibuni chai," akasema, kwa sauti ya mtu asiyenijua.

Asiyenijua! Huyu ndiye aliyenipima kifua, kiuno na mabega, tena mara mbili, akidai mara ya kwanza futi ilikuwa imejikunja.

Tulijuana dukani kwake, pale mjini Runyenjes anaposhona. Nilikuwa nimekuja kumtembelea dada yangu Joyline aliyeolewa upande huu, nikakumbuka aproni zangu za kazi zimechakaa. Mimi ni mpishi wa meli. Si meli ya mizigo wala ya watalii. Ni meli ya wataalamu wanaochunguza bahari, watu wanaoshusha mitambo kwa waya mpaka chini kabisa, wakachota matope, halafu wakayazunguka hayo matope kwa furaha kama watu waliojaliwa mtoto. Wao huchunguza, mimi huwalisha. Nikamwambia fundi nataka aproni zisizo na kamba ndefu, maana meli ikilala upande kamba hunasa kwenye mpini wa sufuria, na uji wa moto hauna huruma.

"Kwani meli hulala?" aliniuliza.

"Hulala, huamka, hujigeuza. Kama mtu mwenye homa."

"Na wewe unapika tu hivyo hivyo?"

"Sufuria sijazi, naishia nusu. Na jiko lina vyuma vya kuzishika zisitembee."

"Na mpishi anashikwa na nini?"

Futi yake ilikuwa imenizunguka kiunoni, na mimi nilikuwa nimekaza pumzi kama mtu anayepita karibu na nyuki. Tangu Gatakaa hakuna mwanamke aliyekuwa amenikaribia hivyo.

"Pumua, mzee," akasema, macho kwenye namba zake. "Nikishona aproni ya mtu asiyepumua itakubana."

Gatakaa alikuwa mke wangu. Aliugua nikiwa kwenye maji, akafa, akazikwa, na wakubwa wa ofisini wakijua. Siku hizo simu ya melini ilikuwa moja, ya nahodha, na kila neno lilipitia kwa kampuni. Watu wetu waliwapigia. Wakubwa wakakaa kikao, wakakubaliana nisiambiwe mpaka meli itie nanga, ati nisije nikaharibu kazi. Basi nikaendelea kuwaokea watu mikate, nikiimba, hali nimekwisha kuwa mjane. Tangu hapo mtu akiniambia "mkubwa amesema," chakula kinanirudi kooni. Mwenye kiti huamua mtu wa chini ajue nini na asijue nini, na yeye mwenyewe hulala vizuri. Hata hospitalini alikolazwa Gatakaa ilikuwa vivyo hivyo. Daktari mkubwa alikuwa kwenye semina.

Sasa kule kwao Mukami, nyumba iliyo juu ya kilima, kahawa mbele na makadamia nyuma, nilikuta nini? Mwenyekiti! Ndambiri, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha marehemu baba yao. Ni mwenyekiti wa kamati ya kahawa, tena mzee wa kanisa. Hata miguu aliiweka kimwenyekiti.

Mimi nilikuja na baba yangu mdogo, mzee Kobia, awe msemaji wangu wa posa. Tulileta mbuzi, unga, sukari, soda, na majani ya chai ya kwetu.

"Mzee Kobia," Ndambiri akaanza, "sisi hatuna shida na Wameru."

"Asante. Na sisi tumewasamehe," akasema Kobia.

"Shida ni kazi ya huyu kijana wako."

"Kijana? Huyu goti linamsumbua kuliko langu."

"Ni kweli anapika?"

"Anapika."

"Mwanamume mzima?"

"Analipwa kupika."

"Na akiwa kwake?"

"Kwake anapika bure."

Nyuma ya pazia mtu alicheka kwa pua. Nilijua ni pua ya nani, nikasikia joto masikioni. Ndambiri hakucheka. Aliinama mbele, akaniuliza mimi mwenyewe, akamruka msemaji.

"Mke wako wa kwanza alizikwa na nani?"

Kobia akakohoa. "Alizikwa na watu wake, kwa heshima."

"Nauliza yeye alikuwa wapi."

"Nilikuwa baharini," nikajibu. "Hawakuniambia."

"Hawakukuambia." Akaegemea kiti. "Sasa dada yangu akilala kitandani hawezi kuamka, sisi tupige makelele tukielekea upande gani? Tusimame hapo kwenye makadamia tuite bahari?"

Pazia lilitulia kabisa. Neno hilo lilinichoma kwa sababu halikuwa la kijinga. Mtu akikutukana kwa uongo unaweza kumjibu. Huyu alikuwa amelishika swali ambalo nami hulala nalo.

Chakula kikaja, mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa, na kuku wa kienyeji. Mukami alipakua. Aliponifikia alininyima macho, lakini aliniwekea firigisi, fungu la mwenye nyumba, na Ndambiri akaiona. Tukala kimya. Vijiko tu ndivyo vilivyoongea.

Sasa nitawaambia jambo la kazi yetu. Kwenye meli, meza ikinyamaza hivyo, labda wataalamu wamegombana au mtambo umekatika waya na kuzama, mpishi hakai. Mpishi huinuka akakusanya sahani. Sahani zikitoka mezani watu hupumua, mmoja huomba kahawa, mwingine huanza hadithi. Nimefanya hivyo miaka na miaka mpaka mikono yangu haisubiri kuambiwa. Basi mikono ikainuka na mimi nikaifuata. Nilipanga sahani za watu wote kwenye mkono wa kushoto, nikatoka mlango wa nyuma, nikavuka ua na kuingia jikoni.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye kigoda. Anaitwa Nelius. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, miguu ameinyoosha mbele, sufuria ya mukimo katikati ya magoti, anakwangua ukoko kwa kijiko kikubwa.

"Weka hapo," akasema, akidhani ni binti yake.

Kisha akainua macho. Kijiko kikakwama njiani.

Kutoka kwetu Meru mpaka huku Embu hakuna mtu asiyejua. Mwanamume anayeposa haingii jikoni kwa mama mkwe. Kumsalimia kwenyewe ni kwa mbali na kwa macho ya chini. Kumkuta kichwa wazi, mdomo umejaa, hilo hata mlevi halifanyi. Nami nilijua vizuri sana. Ni mikono iliyosahau.

Jirani aliyekuwa akiosha masufuria nje ya mlango akapiga yowe. "Muthoni ameingia! Mkwe yuko ndani!"

Ndambiri alifika hapo mbio, Kobia nyuma yake na kofia mkononi. Niliweka sahani chini na kutoka kinyumenyume. Sikujua niangalie wapi.

"Umefuata nini humo?" Ndambiri akauliza.

"Sahani," nikasema.

"Sahani! Mzee Kobia, huyu mmemlea wapi? Kwani kule Ruiri hakuna watu?"

"Wako," Kobia akasema kwa unyonge. "Lakini huyu amekaa sana kwenye maji."

"Basi kikao kimekwisha. Vitu vyenu rudini navyo. Swali halitaulizwa."

Hilo lilinimaliza. Vitu vya wageni havifunguliwi wala mbuzi hachinjwi mpaka binti aitwe mbele ya watu na kuulizwa kama vitu hivyo viliwe. Akisema viliwe, amekubali mtu. Asipoulizwa, hakuna posa. Mmekuja kunywa chai tu. Na mwenye kuuliza, baba akiwa hayupo, ni mwenye kiti.

Nikashika njia ya kuteremka katikati ya kahawa. Kobia aliniita, sikugeuka. Nilisikia nyayo nyepesi nyuma yangu, nikajua si za Kobia.

"Unaenda wapi?" Mukami akauliza.

"Ruiri."

"Kwa miguu?"

"Kwa vyovyote."

"Na baba yako mdogo unamwachia nani? Na mbuzi?"

"Mbuzi akae. Mkubwa amesema kikao kimekwisha."

"Mkubwa gani?"

"Kaka yako! Mwenyekiti!" Nikageuka. Nilikuwa na hasira ya miaka mingi na yeye ndiye aliyekuwa karibu. "Kila ninapokwenda namkuta mtu kwenye kiti kikubwa akiamua nipate nini na nikose nini. Ofisini walikaa kikao juu ya msiba wangu. Hospitalini mkubwa yuko semina. Na leo nimevuka mito yote hii, nimenunua shati, nakuta mwingine. Hawa watu hutengenezwa wapi?"

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi maliza haraka, nimeacha maji motoni."

Alikuwa amesimama kwenye mtelemko juu yangu kidogo, macho yetu sawasawa, jani la kahawa limenasa kwenye nywele zake.

"Sasa nisikilize," akasema. "Nimewashonea wasichana wa Runyenjes gauni za harusi, na sasa nawashonea binti zao. Unafikiri hakuna waliokuja kunitaka? Walikuja. Ndambiri akawatafutia makosa. Mmoja mrefu sana, mmoja anacheka ovyo kanisani, mmoja wa Siakago akaambiwa kwao hakuna maji. Wote wakaenda zao, na mimi nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza?"

"Uliogopa."

"Sikuwataka! Ndambiri mpaka leo anaamini ni yeye aliyewafukuza, na mimi nimemwachia hiyo furaha. Nani amekuambia huyu ndiye mkubwa wangu?"

Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo. Nilikuwa nikidhani mtu akikaa kwenye kiti basi mambo yote yamekaa naye.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umeingia jikoni na sahani mpaka kwenye kiwiko, kama mhudumu wa hoteli, mama ana ukoko mdomoni." Akaziba mdomo, lakini kicheko kilimshinda, kikamtoka mabegani. "Mungu wangu, Mithika! Ungejiona uso!"

Nilicheka pia. Sikupenda, lakini nilicheka, mpaka nikashika mti wa kahawa. Tulipotulia alikuwa amesogea karibu, anashika kifungo cha shati langu kuangalia kama kimeshonwa vizuri. Harufu yake ilikuwa ya moshi na sabuni. Ningesimama pale mpaka kahawa iive.

"Kimelegea," akasema polepole.

"Mimi pia."

Akainua macho, na safari hii hakuyaondoa.

"Mukami," nikasema, "lile swali lake ni la kweli. Meli ikiondoka haigeuki kwa ajili ya mpishi. Nilishachelewa kuambiwa mara moja. Siwezi kuchelewa tena."

"Meli yako sasa haina mtandao?"

"Unao. Siku hizi hata katikati ya maji tunapiga simu, tunaonana uso."

"Basi sitapitia kwa mkubwa yeyote. Nitakupigia mwenyewe. Nikiumwa jino utajua. Cherehani ikikatika mkanda utajua. Mteja akikataa gauni ati nimeibana, wakati ni yeye amenenepa, utajua yote kuanzia mwanzo. Utachoka, Mithika. Utaomba wale wakubwa wako wakufiche."

Niliangalia pembeni.

"Na siku utakayoshindwa kupiga?"

"Joyline atapiga. Mama atapiga. Nitampa namba hata yule jirani wa kupiga yowe." Akaachilia kifungo. "Nataka ujue, si ufichwe. Lakini sitaki mwanamume anayekwenda Ruiri kwa miguu kila mtu akipandisha sauti."

Kabla sijajibu, sauti ya mwanamke mzee ikateremka kutoka juu, nyembamba na kali.

"Mukami! Mwambie huyo mtu arudi! Ameleta sahani bila vijiko!"

Tulitazamana. Mukami alinishika mkono, mchana kweupe, akanivuta kupanda kilima.

Mama Nelius alikuwa amefunga kitambaa chake, lakini hakuwa ametoka kwenye kigoda. Nilisimama nje ya mlango, kichwa chini.

"Ingia," akasema.

"Mama, nimekosa. Siwezi."

"Ulishaingia. Yaliyoharibika yameharibika. Ingia, unanizibia mwanga."

Niliingia. Alinisukumia kigoda kingine kwa mguu, akanitazama kwa muda, juu mpaka chini, akafika kwenye viatu na kusikitika.

"Huko majini, mpishi hula saa ngapi?"

"Wa mwisho, mama. Watu wakishatosheka."

"Amekaa?"

"Amesimama. Na mara nyingi ni ukoko."

"Kumbe!" Alisema hivyo kana kwamba nimetaja ndugu yake aliyepotea. "Miaka yote nimepika hapa, hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza mimi hula nini."

Akasogeza sufuria katikati yetu. Ukoko ulikuwa wa rangi ya dhahabu, mgumu pembeni, laini katikati. Nikachukua kijiko. Tukakwangua, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Ndambiri alijaza mlango. Hakuvuka kizingiti, wanaume wa nyumba hiyo hawavuki.

"Mama, hii si desturi."

"Desturi nimekufundisha mimi. Atalipa kondoo kwa kuingia jikoni kwangu. Kondoo aliyeshiba, mzee Kobia anasikia?"

"Anasikia!" Kobia akaitikia kutoka uani. "Aliyenona!"

"Na lile swali langu?" Ndambiri akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza niliona si mwenyekiti anayesema, ni mtu mwenye dada mmoja. "Mukami akiugua?"

Mama Nelius akanigeukia. "Mjibu."

"Sitaweza kugeuza meli," nikasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini nitajua siku hiyo hiyo, na bandari ya kwanza nashuka. Hata kama ni kazi naiacha pale."

Mama Nelius alilitafuna jibu hilo pamoja na ukoko.

"Baba yenu," akamwambia mwanawe, "hakuwahi kwenda mbali kuliko Siakago. Siku niliyokuzaa alikuwa hapo sokoni tu. Walimwita, akasema amalize kwanza bei ya ng'ombe. Akaja jioni, akaniuliza chakula kiko wapi. Nilimpenda, Mungu amlaze. Lakini usiniambie habari ya karibu na mbali."

Kobia huko nje alipiga chafya ambayo nadhani ilikuwa kicheko.

Kisha yule mama akaweka kijiko chini, akafuta mikono kwenye leso, akakaa wima kwenye kigoda kile kidogo. Hakuna kiti chochote cha mkubwa nilichowahi kukiogopa hivyo.

"Mukami."

"Naam, mama."

"Hawa watu wa Ruiri wameleta vitu. Tule?"

Jirani aliyepiga yowe aliacha kuosha. Ndambiri alishika mwimo wa mlango. Nami nilisikia moyo wangu ukigonga kama mtambo wa meli unapowashwa. Mukami hakumwangalia kaka yake wala mama yake. Aliniangalia mimi, kwa utulivu, kama mtu anayekagua nguo aliyoshona mwenyewe na kuona imekaa vizuri.

"Kuleni," akasema. "Mimi pia nitakula."

Jirani alipiga vigelegele, na mama Nelius akavipokea. Kobia akaanza kumwimbia mbuzi wimbo wa kanisa. Ndambiri alisimama pale kidogo, kisha akakunja mikono ya shati na kusema, kwa sauti ya kukwaruza, "Basi kisu kiko wapi?" Akaenda.

Kwa mazoea nikainuka kukusanya vyombo. Mukami alinishika bega, akanirudisha kwenye kigoda. Alichukua sahani safi, akafunua chungu kilichokuwa pembeni ya moto, akanipakulia mpaka ikajaa, kisha akainama na kuniwekea mapajani, uso wake karibu na wangu.

"Kaa, mzee," akasema. "Leo hauko zamu."